Daftari la Hotelini

Tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano alipotangaza kutoka Dodoma kwamba maradhi ya Marburg yamethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, nilikuwa nimekaa barazani kwangu, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, sikio moja nimelitega redioni na jingine nimeliachia bahari. Kagera ni mbali na sisi. Baina yetu na huko pana mkondo wa bahari na upana mzima wa Bara, na mtu asiyetujua angaliweza kusema kwamba habari ile haituhusu. Lakini watu ambao riziki yao huletwa na wageni hawapimi masafa kwa maili, kwa kuwa mgeni aliyeko Ulaya, anaposikia jina la nchi likitajwa pamoja na jina la maradhi, hafungui ramani kutazama kama Biharamulo na Paje ni jirani. Huahirisha safari kwanza, akauliza baadaye.

Kabla ya magharibi akanijia mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameshika bahasha kifuani kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa ameajiriwa wiki mbili tu nyuma kuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya jirani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja mbio?"

"Mjomba, na haya maradhi yakija huku, mwanzo ataondolewa nani?"

Nilinyamaza kitambo. Jawabu nilikuwa nalo, tena nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa buluu, katika mwezi wa Machi wa mwaka 2020. Lakini si rahisi kumwambia mtoto wa dada yako, aliyevaa sare mpya ambayo bado ina mkunjo wa dukani, kwamba wewe ndiye uliyewahi kuwaandika wenziwe.

Nilifanya kazi ya ukarani katika hoteli isiyokuwa kubwa wala ndogo, baina ya Paje na Jambiani, kwa muda wa miaka kumi na tisa. Asili yangu ni Pemba, na pwani hii niliijia kwa ndoa. Marehemu baba yangu alikuwa na mikarafuu yake, nami ni katika kizazi kilichoona kwa macho yake karafuu ikishuka kutoka katika enzi yake, pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilipopanda mikarafuu ya kutosha ikawa haituhitaji tena. Baada ya hapo nchi iligeuza uso wake kuwaelekea wageni: milango ya uwekezaji ikafunguliwa katika miaka ya thamanini, Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992, Mji Mkongwe ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ilipofika mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000, idadi iliyokaribia theluthi ya wenyeji wenyewe. Tulihama kutoka mkononi mwa mnunuzi mmoja tukaingia mkononi mwa mwingine, na wachache miongoni mwetu tuliokumbuka karafuu tulinyamaza, maadamu mishahara ilikuwa ikilipwa.

Katika hoteli yetu nilikabidhiwa daftari la watumishi, na daftari hilo, kama ningalikuwa na akili ya kulisoma badala ya kulijumlisha tu, lingalinifunza mambo mengi kabla ya maradhi kuja kunifunza. Zamani, nilipoanza, mzazi wa hapa kijijini aliona haya kumpeleka bintiye hotelini, mahali penye ulevi na watu waliovaa nusu. Na wanawake wa mwanzo waliokubaliwa na waume au wazee wao kufanya kazi ile walikubaliwa kwa sharti kwamba watakaa mbali na baa na mbali na macho. Kwa hivyo waliingia vyumbani kutandika, wakaingia kwenye udobi, na baadaye wakaingia katika kibanda cha makuti cha kukandia na kusinga. Wanaume walishika mapokezi, meza za chakula, baa, mashua na jiko. Mgawanyo huo ulionekana kuwa ni wa heshima, na pengine heshima ilikuwamo. Lakini ulikuwa vilevile ni mgawanyo wa bakshishi. Mhudumu wa meza aliipokea bakshishi yake mkononi, usoni mwa mgeni, akichekewa. Mtandikaji wa kitanda aliitafuta chini ya mto, na siku nyingi hakuikuta. Mimi niliandika mishahara yao sawasawa katika safu moja, nikaamini kwamba nimefanya insafu.

Lilikuwako na jambo la pili. Baadhi ya watumishi walikuwa wa kudumu na baadhi walikuwa vibarua wa miezi mitatu mitatu, na wanawake, isipokuwa wachache, walikuwa katika fungu hili la pili. Sababu niliyopewa na wakubwa, nami nikaipokea bila ya kuipima, ni kwamba mwanamke wa kudumu akizaa hoteli italazimika kumlipa likizo ya uzazi. Kila masika, wageni wanapopungua katika Aprili na Mei, vibarua waliambiwa waende majumbani wakarudi Juni, msimu ukifunguka. Nao walikwenda bila ya kelele, kwani walikwishazoea kuwa riziki yao hufuata majira kama zao la shamba. Niliiandika orodha ya masika kila mwaka, nikaiandika kwa wepesi ule ule wa kuandika orodha ya sabuni.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 11 Machi, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona imekuwa janga la ulimwengu. Siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza wa Tanzania akatangazwa Arusha, na kabla ya wiki kwisha akatangazwa wa Zanzibar. Skuli zilifungwa. Ndege zilizokuwa zikituletea wageni zilisimamishwa, na wageni waliokuwapo walianza kuhangaika kutafuta njia ya kurudi kwao, wengine wakiacha vitu vyao vyumbani kwa haraka ya safari. Nakumbuka jioni moja nilipopita ukumbini saa mbili, wakati ambao kwa desturi husikii mtu anasema nini kwa kelele za vijiko na sahani, nikasikia mlio wa friji ya baa peke yake.

Siku ya pili nikaitwa nikaambiwa niandike majina ya watakaobaki. Daftari lilikuwa na majina 64: wanaume 41 na wanawake 23. Hoteli tupu, niliambiwa, haihitaji ila watu 11. Nikaketi na kuandika: walinzi watano, fundi wa jenereta na pampu, watunza bustani wawili, mwangalizi wa mashua zilizopandishwa ufukweni, mtu wa stoo, na karani, ambaye ni mimi. Hapakuwa na hila wala chuki katika orodha ile, wala sikumpendelea jamaa yangu hata mmoja. Na kwa sababu hiyo niliichukua nyumbani nikiwa na dhamiri nyeupe, ingawa nilikuwa na huzuni.

Mke wangu aliisoma kwa mwanga wa taa, akaipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akaniuliza: "Mbona wote ni wanaume?"

Nikamjibu kwamba sikuwachagua mimi, kazi zenyewe ndizo zilizowachagua. Akairudisha karatasi mezani. "Basi hizo kazi," akasema, "alizigawa nani?"

Nimekuwa na miaka mitano ya kulitafakari suali lile, na ninaloliona ni hili. Hoteli ina kazi za namna mbili: zipo za kuwahudumia watu na zipo za kulinda vitu. Wageni wakijaa, huoni tofauti, kwa sababu kila mtu anakimbia huku na huko. Lakini wageni wakitoweka, kazi ya kuhudumia watu hutoweka nao siku ile ile, ilhali kazi ya kulinda vitu hubaki, bali huzidi thamani, kwa kuwa nyumba tupu ndiyo yenye kuhitaji mlinzi. Na sisi, kwa muda wa miaka thelathini, kwa jina la mila na kwa jina la nguvu za mwili, tulikuwa tumewapa wanawake watu na kuwapa wanaume vitu. Maradhi hayakumbagua mwanamke na mwanamume. Yalikuta ngazi imekwisha kujengwa, nasi tuliokuwa na kalamu tukaitumia ngazi hiyo kuwateremsha watu, tukianza na wale waliokuwa wamesimamishwa daraja ya chini.

Watumishi wa kudumu walipewa nusu ya mshahara kwa miezi miwili. Vibarua hawakupewa kitu. Waliambiwa maneno yale yale ya kila masika, kwamba wakapumzike, wataitwa. Masika yale hayakwisha Juni.

Hao ni wale waliokuwa na majina. Nje ya daftari lilikuwako daftari jingine, lisiloandikwa na mtu, la watu wengi kuliko letu: wanawake waliopaka hina na piko miguu ya wageni ufukweni, wasusi waliokaa na stuli yao chini ya mnazi, waliouza kanga na vikapu vya ukili, waliopika chapati na samaki wa wafanyakazi wetu, na kwa upande wa wanaume, vijana wa ufukweni tunaowaita papasi, watembezaji wa wageni wasio na vitambulisho, madereva wa gari za kukodi. Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikuwa limechapisha mwaka 2019 kwamba katika kila watu 100 wanaofanya kazi ya utalii ulimwenguni, 54 ni wanawake, na kwamba ujira wao hupungua ule wa wanaume kwa karibu asilimia 15. Mtu akiyasoma hayo kisha akalitazama daftari langu, lenye wanawake 23 tu katika watu 64, angalidhani kwamba Zanzibar ni kinyume cha ulimwengu. La hasha. Wanawake walikuwako, waliokosekana ni waandishi wa majina yao. Na aliyekuwa hakuandikwa siku ya neema hawezi kuhisabiwa siku ya msiba: safari za kimataifa zilipoanguka kutoka kiasi cha bilioni moja na nusu mwaka 2019 hadi kiasi cha milioni 400 mwaka 2020, na wageni wetu wa Zanzibar wakashuka hadi 260,000 na ushei, hesabu ya mahoteli yaliyofungwa ilijulikana, lakini hakuna daftari lililosema stuli ngapi za wasusi zilirudishwa ndani.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule ulitukuta katika hali hiyo. Siku moja ya bamvua, maji yalipokuwa yametoka mpaka karibu na mwamba, niliteremka ufukweni, nikaona jambo nililokuwa sijaliona kwa miaka: ile sehemu ya bahari ambayo wageni huchezea vishada vyao vya upepo ilikuwa nyeupe na tupu, na wanawake walikuwa wamerudi kuigawa kwa vijiti na kamba. Kilimo cha mwani kilianza kwetu mwaka 1989, hapa hapa upande wa Paje na Jambiani, na kabla ya hoteli hakuna kitu kilichowatia wanawake wa pwani hii pesa mkononi kama mwani; lakini bei yake ilipokuwa haipandi, na bahari ilipozidi joto hata ule mwani wa bei nzuri ukawa unaoza kambani, wengi waliuacha wakaenda kutandika vitanda.

Miongoni mwao nikamtambua mwanamke mmoja aliyekuwa mkandaji katika kibanda chetu cha makuti, ambaye wageni walikuwa wakimwandikia barua za kumshukuru kutoka kwao. Alikuwa ameketi ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja baada ya kimoja, umbali wa shubiri baina yake, kwa vikamba vyembamba alivyovibana menoni. Tuliamkiana. Nilipomuuliza hali, alininyooshea viganja vyake: ngozi ilikuwa imechanika kwa chumvi kwenye maungio ya vidole.

"Kule nilikuwa nawapaka wenzangu mafuta migongoni," akasema, "sasa usiku najipaka mwenyewe tui, nipate kufumba ngumi."

Akanieleza hesabu yake bila ya mimi kumwomba, kama mtu anayemweleza karani kwa kuwa ni karani. Mwani hukaa majini wiki sita. Ukivunwa hubebwa kichwani ukiwa umejaa maji, ukaanikwa, na katika kila kilo saba au nane za mbichi hupatikana kilo moja kavu. Na kilo hiyo moja, kwa mwani wa aina iliyobaki kwetu, wakati ule iliuzwa kwa shilingi mia chache zisizofika bei ya kilo ya mchele. Mwani huo huo husafirishwa nchi za nje, ukatolewa ute unaozitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Nilifikiri, nikirudi, juu ya mzunguko ule: mwanamke aliyeachishwa kumkanda mgeni alikuwa bado anamtumikia mgeni, ila sasa kwa mbali, bila ya bakshishi, na bila ya barua.

Kisha nitakuwa mdhalimu nikisema kwamba wanaume walisalimika. Waliobaki kazini walikuwa 10 mbali na mimi. 30 waliobaki walitoka, na kutoka kwao kulikuwa na uchungu wa namna yake. Jirani yangu mmoja alikuwa nahodha wa mashua ya kuwapeleka wageni kuzamia penye matumbawe. Yeye katika msimu mzuri alipata kwa siku moja, mshahara na bakshishi, zaidi ya alichopata mtandikaji kwa wiki. Alikuwa amejenga nyumba ya matofali, na mahari ya mke wa pili ilikuwa mbioni. Ilipofika Mei aliifungua mashine ya mashua, akaifunika kwa turubai chumbani kwake, akawa anakaa barazani kucheza dhumna kutoka asubuhi hata alasiri. Alijaribu uvuvi, lakini pweza na kamba-koche, ambao walikuwa wakinunuliwa na majiko ya mahoteli, walikosa mnunuzi, na samaki wakawa wengi kuliko pesa za kuwanunulia. Siku moja nikamwambia, kwa nia njema, kwamba mkewe ana kamba 40 za mwani, na lau angemsaidia kuchomeka vijiti wangefika 100. Alinitazama kama niliyemvunjia heshima mbele za watu.

"Mwani kazi ya wanawake," akasema, akasogeza kete.

Hapo nikafahamu kwamba ukuta ule ule uliomzuia mkewe asiende kwenye baa na mashua, palipokuwa na pesa, sasa ulimzuia yeye asiende kwenye mwani, palipokuwa na chakula. Mwanamke alikuwa na mahali pa kuangukia, ingawa ni pagumu, kwa sababu hakupata kamwe kufundishwa kwamba kuna kazi iliyo chini yake. Mwanamume alikuwa amepanda juu zaidi, na alipoanguka hakuona ardhi. Ndiyo maana nasema kwamba kugawa kazi kwa jinsia ni kama kugawa mashua moja kwa ubao katikati: siku ya shwari kila mmoja huona upande wake ni milki yake, lakini siku ya dhoruba maji huingia upande wowote yapendao, wala ubao hausaidii kuyatoa.

Na juu ya hayo yote palikuwa na kazi nyingine, isiyopungua kwa maradhi wala kwa masika. Skuli zilipofungwa mpaka Juni, watoto walikuwa nyumbani mchana kutwa. Waliokuwa wakila chakula cha mchana hotelini sasa walikula nyumbani. Mikono ilitakiwa kuoshwa mara nyingi, na maji ya kuoshea hayakuja yenyewe. Mke wangu alihisabu siku moja, kwa kuwa alijua napenda hesabu, akaniambia kwamba ameteka ndoo kumi na nne tangu alfajiri. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelinda, kwa mshahara, bwawa la kuogelea lililojaa maji asiyoyaingia mtu.

Zanzibar ilifunguliwa tena kwa wageni mnamo Juni 2020, lakini hawakuja kwa wingi hata mwisho wa mwaka, ambapo walianza kumiminika Warusi, Waukraine na watu wengine wa Ulaya ya mashariki, nchi nyingi za Ulaya zikiwa bado zimejifungia. Mwezi wa Oktoba nikaambiwa niwapigie simu watumishi. Katika kazi ile ndogo ya kupiga simu nilijifunza zaidi kuliko katika miaka yote ya kujumlisha mishahara. Wanaume waliitikia wenyewe, wengine kabla ya mlio wa pili. Lakini katika zile namba 23 za wanawake, nilikuta kwamba tisa tu ndizo zilizokuwa zao. Nyinginezo zilikuwa za waume, kaka na baba, kwa sababu siku ile nilipowaandika niliwauliza namba ya nyumbani nikapewa namba ya mwenye nyumba. Mume mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema: "Ahsante, karani, lakini sasa ana shughuli," akakata. Kaka wa mwingine alisema atamfikishia habari, na dada mtu aliponiona baada ya miezi miwili njiani alinilaumu kwamba nimewaita wote nikamsahau yeye. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Mmoja alikuwa amechukuliwa na mama mkwe wake mjini kuwauguza wazee. Na wakubwa waliniagiza nisingoje: nafasi isiyojazwa kwa siku tatu apewe mwingine.

Ilipofika Januari 2021, wanaume 29 kati ya 41 walikuwa wamerudi. Wanawake walikuwa 8.

Waliorudi walirudi kwa mikataba ya miezi mitatu, hata wale wachache waliokuwa wa kudumu kabla. Nao ndio walioingia vyumbani kukunja shuka za watu waliotoka nchi zenye maradhi, siku ambazo wengi wetu tulikuwa tukijipa moyo kwamba korona imekwisha. Hata tarehe 17 Februari 2021 tulipompoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ameambukizwa, ndipo mtandikaji mmoja aliponijia akaomba glavu. Nilimnunulia kwa pesa zangu, nikaliandika deni hilo mahali, kisha nikaona haya nikalifuta.

Yule mkandaji naye alirudi, lakini alirudi kwa akili nyingine. Aliniambia siku ya mwanzo: "Kamba zangu za mwani sizing'oi." Akamwachia shemeji yake nusu ya mavuno, akapanga siku zake za mapumziko zifuate bamvua, na alipokatazwa kwamba ratiba ya hoteli haifuati mwezi, alijibu kwamba tumbo lake sasa lina mabwana wawili na hamwamini hata mmoja. Nilimwona mkaidi wakati ule. Februari 2022, vita vilipoingia Ukraine, na mamia kwa mamia ya Waukraine waliokuwa mapumzikoni kwetu wakawa hawana pa kurudi, na ndege zilizokuwa zimetushibisha mwaka mzima zikakatika kwa siku moja, nikafahamu kwamba alikuwa ameyasoma mambo kuliko sisi sote tulioshika madaftari. Maradhi yalikuwa ni sababu moja tu, sababu hazitaisha.

Mwaka ule niliacha kazi, na daftari nikalikabidhi.

Marburg, tunamshukuru Mungu, haikuvuka kuja kwetu, na tarehe 13 Machi 2025 ilitangazwa kuwa imekwisha. Wengi waliisahau siku ile ile. Lakini usiku ule wa Januari, mpwa wangu aliponiuliza nani ataondolewa mwanzo, nilimwambia yote niliyoyaeleza hapa, pamoja na yale ya kunitahayarisha, kisha nikamwomba anipe bahasha.

Tuliusoma mkataba pamoja, mke wangu akiwa ameketi upande wa pili wa taa, pale pale alipoketi alipoisoma orodha yangu. Ulikuwa wa miezi mitatu. Nilimwambia asimwulize msimamizi wake habari ya mshahara, maana huo umekwisha kuandikwa. Aulize kama jina lake limepelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii na namba yake ni ipi. Aulize vibarua wakitumwa majumbani wakati wa masika huhisabiwa wapo au hawapo. Aulize mtu hupita kwa njia gani kutoka vyumbani kwenda mapokezi au stoo, na ni mwanamke gani amewahi kuipita. Alikuwa akiandika nyuma ya bahasha. Mke wangu alikuwa hajasema neno; kisha akaushusha ukurasa wa mwisho karibu na taa, akatia kidole kwenye mstari mmoja.

"Na hii simu," akamwuliza, "ni ya nani?"

"Ya kaka, mama."

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaikata namba ile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika yake juu.